Kutafuta mpaka wa hifadhi ya kulungu ya zama za kati, Suffolk, Uingereza

Mfuatamipaka: Wakuu, kuna parokia huku Suffolk ambayo ramani ya mchoraji Christopher Saxton ya 1575 imeiwekea kiduara cha uzio, yaani palikuwa na hifadhi ya kulungu ya bwana mwenye ardhi. Leo ni ngano tupu. Yamebaki majina mawili ya mashamba, Park Farm na Lodge Farm. Mpaka wenyewe naupataje?

RamaniKale: Anza na ramani ya zaka ya parokia (iliyochorwa ili kukadiria malipo ya zaka kwa kanisa), nyingi zilichorwa kati ya 1836 na 1850. Kila kipande kina namba, na daftari lake linataja jina. Paka rangi vyote vyenye Park (hifadhi), Pale (uzio wa mbao), Lawn (uwazi wa malisho) au Lodge (nyumba ya mtunzaji), kisha tazama umbo. Uzio wa mbao za mwaloni ulikuwa ghali, kwa hiyo hifadhi nyingi zilikatwa kama yai, au mstatili wenye pembe butu, kupunguza urefu wa uzio. Ukiona ua wa miti unaopinda mfululizo, na nyua nyingine zinaishia hapo bila kuuvuka, shuku huo. Lodge Farm ni dalili nzuri: nyumba ya mtunzaji ilikaa ndani ya hifadhi, mara nyingi palipoinuka. Park peke yake haitoshi. Yaweza kuwa bustani ya jumba la karne ya 18, na katika kaunti ya Devon jina hilo ni shamba tu.

KivuliChaLeza: Halafu pakua data ya laida (vipimo vya mwinuko wa ardhi kwa leza kutoka kwenye ndege) ya Environment Agency, wakala wa mazingira wa serikali, ni bure. Chukua modeli ya ardhi tupu, siyo yenye miti na mapaa. Ifungue kwenye QGIS, programu ya ramani, utengeneze picha ya vivuli; yenyewe hutupa mwanga kutoka nyuzi 315, yaani kaskazini-magharibi. Tuta linalolala kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki halitoi kivuli, linapotea. Tengeneza picha ya pili kwa nyuzi 45, yaani mwanga wa kaskazini-mashariki, na uzidishe mwinuko mara tatu au zaidi, maana jembe limeshalisawazisha tuta.

Mfuatamipaka: Na nikikuta tuta, nitajuaje si la msitu wa kawaida?

RamaniKale: Tazama handaki liko upande gani. Tuta la msitu lina handaki nje, kuzuia ng'ombe wasiingie kula machipukizi. La hifadhi kwa kawaida lina handaki ndani: kulungu anarukia kutoka chini, na uzio uko juu ya tuta. Handaki likiwa limejaa udongo, usikate shauri kwa sehemu moja. Fuata tuta hadi penye miti, ambako jembe halikufika.