Wakuu naombeni ushauri, simulesheni yangu ya sensa (vifaa vya kupimia, sio kuhesabu watu) imegomewa

nodi_pweke: Wakuu habari zenu. Nimeigiza mtandao wa sensa zinazoongea kwa redio kwenye Cooja, ile programu ya kuigiza mitandao, paketi (vifurushi vya data) zinafika zote asilimia 100, msimamizi kaangalia grafu kanirudishia kaandika tu "redio gani hii?" Sasa niongeze nodi, yaani vifaa vyenyewe, au nibadili protokali, yaani kanuni za kupitisha paketi? Muda umeniishia, usingizi sipati.

BabaAntena: Modeli ya redio ipi? Kelele, yaani mawimbi mengine ya kuvuruga, umeweka?

nodi_pweke: Mkuu mimi nauliza protokali.

Mama_Soketi: Pole mwanangu. Sisi tulifunga nodi za kweli kwenye korido, A anamsikia B vizuri, B hamsikii A kabisa, tukabadilisha betri weee, kumbe redio ndo zilivyo. Mtu akifunga mlango tu namba zinaruka. Vijana wa siku hizi mnapenda vya kwenye skrini.

BabaAntena: @nodi_pweke jibu swali.

nodi_pweke: Haya. UDGM, ile modeli ya duara, mita 50 za kufika, 100 za mwingiliano, kelele sijaweka. Ila wengi wanafanya hivyo hivyo na sura ya matokeo nishaimaliza, siwezi kuanza upya.

wifi_ya_jirani: Yaani sijawahi kukusumbua hata siku moja? Unaishi sayari gani 😂

BabaAntena: Ndo ugonjwa wenyewe huo, protokali haina kosa. Kwako mita 49 zinafika zote, 51 hakuna kitu, wakati redio halisi ina ukanda mpana wa katikati ambako paketi zinafika na kupotea, na protokali inapimwa humo. Hamia TOSSIM, programu nyingine ya kuigiza, kila kiungo unakipa nguvu yake ya mawimbi kwa dBm, kwenda na kurudi tofauti, halafu unailisha kelele iliyorekodiwa, lile faili la meyer-heavy limetoka maktaba ya Meyer pale Stanford. Kila nodi vipimo vya kelele visipungue 100.

kernel_panic: TOSSIM inaendesha kodi ya TinyOS, jamaa kaandika ya Contiki, mifumo endeshi miwili tofauti ya sensa, unataka aandike kodi yote upya? Abaki Cooja atumie modeli ya DGRM, kila kiungo na uwiano wake wa paketi kufika kwa kila upande.

Mpelelezi26: Hii chai. Mtu kafika sura ya matokeo hajui redio yake? Anatafuta wa kumfanyia kazi huyu.

nodi_pweke: Sio chai! Faili la csc, la mipangilio ya Cooja, hili hapa, someni wenyewe: success_ratio_tx 1.0 (kutuma), success_ratio_rx 1.0 (kupokea).

Mpelelezi26: Hizo ndo namba Cooja inazokuja nazo, hata mimi ninazo. Umethibitisha nini?

nodi_pweke: Basi nikishusha ya kupokea iwe 0.9 si itahesabika kelele?

BabaAntena: Hiyo 0.9 utaipata pembeni kabisa ya duara, ukisogea karibu bado zinafika karibu zote. Halafu hapo kila paketi inarushiwa shilingi peke yake, kelele ya kweli inakuja kwa mafungu, inakuzibia paketi kibao mfululizo kisha inatulia.

nodi_pweke: Nimekuelewa mkuu. Mwenye faili la DGRM ambalo liko tayari anitumie pm.

Mpelelezi26: 🍵