Acheni kutuambia "kuwa makini": kuchanganya PHP, JavaScript na Python si uzembe

Wakuu, jibu hili limenichosha. Kijana analeta msimbo wake unaotoa majibu ya ajabu, anaambiwa "wewe hujasoma, kuwa makini". Hapa Tanga mtu mmoja anaandika lugha tatu za programu: PHP ya seva, JavaScript ya ukurasa na Python ya ripoti, tena kwa duka moja tu la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Vidole lazima vichanganye.

Ukisahau nukta-mkato kwenye PHP, au ukaandika elif ya Python ndani ya JavaScript, programu inagoma hapo hapo na kukutajia mstari. Hilo si tatizo kabisa. Balaa ni msimbo ulio sahihi katika lugha zote mbili lakini una maana tofauti, na huo ndio msioufundisha!

Chukua alama ya +. PHP ikipewa "5000" + "1500" inajumlisha, unapata 6500. JavaScript inaunganisha: 50001500. Na kinachosomwa kwa .value kwenye fomu ni stringi (maandishi) siku zote, hata ukiweka type="number". Kibaya zaidi, kutoa kunakubali: "5000" - "1500" inaleta 3500 safi. Basi fundi anajaribu punguzo, anaona sawa, anakabidhi kazi. Kesho yake aliyenunua misumari na brashi anadaiwa milioni hamsini. Geuza kwa Number() pale pale unaposoma thamani, usisubiri hadi mstari wa kujumlisha. Kagua kisanduku kitupu kwanza, maana Number("") ni 0, na "5,000" yenye mkato inakupa NaN (si namba).

Aliyezoea Python anaandika if (bidhaa) akidhani orodha tupu ni uongo. Kwenye JavaScript orodha tupu, [], ni kweli, andika bidhaa.length > 0. Akiandika bidhaa.len hapati kosa lolote, anapata undefined (hakuna thamani). Kupanga bei nako: [900, 10000, 2500].sort() inarudisha 10000, 2500, 900, kwa sababu inalinganisha kama maandishi. Weka sort((a, b) => a - b). Miezi ya Date, tarehe za JavaScript, inaanzia 0, kwa hiyo new Date(2025, 6, 1) ni Julai. Na ukirudi PHP, empty("0") ni kweli: aliyejaza sifuri anahesabiwa hakujaza.

Kuna wanaoshauri declare(strict_types=1) ya PHP kama kinga ya yote. Hiyo inabana aina za data zinazoingia kwenye fankisheni. Alama ya + haiigusi. Kwa JavaScript, weka // @ts-check mstari wa kwanza wa faili, kihariri cha VS Code kitapiga mstari mwekundu chini ya .len. Ukihamia TypeScript (JavaScript yenye aina za data), washa kanuni ya restrict-plus-operands kwenye kikagua-msimbo cha typescript-eslint: inakataa namba + stringi, ila stringi mbili inaziachia.

Nanyi mnaotangaza "anahitajika mtu mmoja, PHP, Python na JavaScript, siku tatu": wekeni siku za kuijaribu programu kwenye malipo. Sasa hivi mnalipia kuandika tu, halafu mnakuja hapa kulalamika kwamba mafundi wa Tanga hawajui kazi.