Mjadala: Je, dawa ya Bukele inafaa kila mahali?

Wakuu, kila panya road wakivamia mtaa hapa Dar, hakosekani wa kusema "tunamtaka Bukele wetu", yaani kama yule rais wa El Salvador, Amerika ya Kati, anayezoa magenge na kuyajaza gerezani, na picha ya wale wafungwa wake vipara waliobanana sakafuni inafuatia. Tuijadili El Salvador yenyewe, tuiache picha.

Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliua watu wapatao 75,000, vikaisha kwa mkataba wa Januari 1992. Waasi wa FMLN wakawa chama cha siasa, polisi wa zamani wakavunjwa. Bunduki zikabaki mitaani. Kisha Marekani ikaanza kuwafukuza vijana waliokulia Los Angeles, wakarudi na magenge yao ya MS-13 na Barrio 18, wakakuta nchi haina ajira na polisi ndio kwanza wanajifunza kazi. Mwaka 2015 mauaji yalipita 100 kwa kila watu 100,000. Na hiyo ni nchi iliyokuwa na amani!

Wanaosema "piga tu", hilo lilishafanyika. Rais Flores alitangaza mkono wa chuma mwaka 2003, Rais Saca aliyemfuata akakaza zaidi. Vijana wakazolewa kwa sababu ya tatuu. Magereza yakagawiwa kwa magenge, kila genge na lake, na amri za kuua zikawa zinatoka humo humo kwa simu.

Bukele kafika mbali zaidi, tusibishe. Machi 2022 watu 87 waliuawa ndani ya siku tatu, akatangaza hali ya dharura. Waliokamatwa wamepita 80,000. Kwa hesabu za serikali, mwaka 2024 waliuawa watu 114 tu nchi nzima. Dereva wa basi aliyekuwa akilipa kodi ya genge ili asipigwe risasi kwenye usukani, leo anaendesha. Kijana aliyeshindwa kumtembelea bibi yake ng'ambo ya barabara kwa kuwa ni himaya ya genge jingine, leo anavuka. Hao usiwahubirie haki za binadamu ukiwa umekaa Masaki.

Ila mauaji yalikuwa yanashuka tangu kabla ya dharura: mwaka 2021 yalishafika kama 18 kwa kila 100,000. Na mwaka huohuo Bunge lake liliwang'oa majaji wa katiba pamoja na mwanasheria mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa ikichunguza mazungumzo ya serikali na magenge. Hapo ndipo ninapogoma. Dharura ya siku 30 inaongezwa kila mwezi hadi imekuwa kawaida. Bukele mwenyewe alisema Novemba 2024 kwamba watu wapatao 8,000 wasio na hatia wameachiwa. Elfu nane! Wengine walichongewa tu na jirani kwa simu isiyo na jina.

Sasa mnaomtaka Bukele: mdogo wako akizolewa kimakosa, utamlilia hakimu gani? Na mnaompinga: dereva yule mngemwambia nini mwaka 2015, avumilie mpaka lini?