Makumbusho ya Babe Didrikson Zaharias, Beaumont (Texas): watoto waangalie nini?

MamaTatu:
Habari zenu wakuu. Jumamosi tunatoka Houston na mabinti sita wa miaka 9 hadi 13, wote wanakimbia shuleni, kwenda kuona makumbusho ya Babe, yule mwanariadha na mcheza gofu wa Marekani, huko Beaumont alikozaliwa. Nasikia ni padogo. Waangalie nini hasa, wasije wakapita tu mbele ya vioo vya medali na kurudi kwenye gari?

Kiunzi76:
Dada, shikeni barabara kuu ya I-10 kwenda mashariki, kama maili 85, mtoke namba 854. Jengo liko kando ya barabara kuu, kwa hiyo hamieni mkono wa kulia mapema. Kiingilio ni bure, na ndani saa moja inatosha. Pigeni simu kwanza kuhakikisha wamefungua.

Msianze na Olimpiki. Anzeni na Evanston, Illinois, Julai 1932, mashindano ya taifa ya wanawake. Babe aliingia peke yake kama timu nzima ya kampuni ya bima ya Dallas. Mchana mmoja alishiriki michezo minane, akashinda mitano na kufungana kileleni kwenye kuruka juu. Alipata pointi 30. Timu iliyomfuata ilikuwa na wanawake 22, ikapata pointi 22. Wapeni mabinti hesabu hiyo kwanza, halafu ndiyo waone medali.

Olimpiki ya Los Angeles mwaka huohuo alipata medali tatu tu kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kushindana zaidi ya michezo mitatu. Dhahabu ya mkuki ilikuwa ya mita 43.69, na ya mbio za kuruka viunzi mita 80 ya sekunde 11.7. Evelyne Hall, wa pili, naye aliandikiwa 11.7, waamuzi waliamua kwa macho.

Ufito:
Sahihisho dogo: alizaliwa Port Arthur, mwaka 1911, akakulia Beaumont. Mkikuta 1914 mahali, ni kwa sababu mwenyewe alikuwa akijipunguzia umri.

Kiunzi76 kairuka medali ya fedha, na mimi naiona ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote. Babe na Jean Shiley waliruka kimo kilekile, karibu mita 1.65, rekodi mpya ya dunia. Shiley aliruka kwa mtindo wa mkasi, miguu ikitangulia. Babe alipita kichwa mbele, na sheria ya wakati ule ilikataza kichwa kuvuka ufito kabla ya miguu. Akapewa fedha. Miaka iliyofuata katazo hilo likaondolewa. Wekeni alama ya mita 1.65 ukutani nyumbani. Binti wa miaka 11 akisimama chini yake ataelewa bila maelezo.

Shimo la 18:
Tafadhali msiharakishe upande wa gofu. Aprili 1953 alipasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana, akawekewa tundu la haja tumboni. Mwaka 1954 akashinda US Women's Open, mashindano makubwa ya gofu ya wanawake Marekani, kwa mipigo 291, mipigo 12 pungufu ya wa pili. Alifariki Septemba 1956. Kaburi lake liko Forest Lawn, palepale Beaumont, kwa hiyo mkitoka makumbusho nendeni huko kabla ya chakula.

MamaTatu:
Asanteni sana. Jumapili nataka wajaribu viunzi uwanjani. Vipimo?

Kiunzi76:
Vya Babe vilikuwa viunzi 8, kimo cha sm 76.2. Mita 12 hadi cha kwanza, mita 8 kati ya kimoja na kingine, mita 12 za mwisho. Kwa hao wadogo wekeni kimo cha sm 40 na nafasi ya mita 5.5 hadi 6 kati ya viunzi. Lengo ni hatua tatu katikati. Nafasi ikizidi, mtoto anaongeza hatua ya nne, anafika kwa mguu mwingine na kusita mbele ya kiunzi. Hapo sogezeni viunzi karibu, msimwambie aongeze nguvu. Msifunge kamba, itamnasa mguu. Tumieni fimbo nyepesi juu ya maboksi, idondoke akiigusa.