Diwani ya utani na tafakuri: arudhi au huru?

Karani_wa_Tungo: Wadau, nina mashairi thelathini na kitu, mengine ya kuchekesha, mengine ya kufikirisha, nataka yatoke diwani moja, yaani kitabu kimoja cha mashairi. Nimekwama kwenye umbo: arudhi, yenye vina na mizani, au huru, isiyofungwa navyo. Wazo hili nimeliandika mara mbili, lipi libaki?

La arudhi:
*Nimenunua kioo, nijitazame nilivyo,*
*Kikanipa jibu leo, kwamba sivyo nidhanivyo.*

La huru:
*Nimenunua kioo.*
*Nimekirudisha dukani.*
*Kina mtu ndani.*

Bi_Mizani: Nimehesabu silabi, nane kwa nane, vina vimekaa. Lakini mwanangu, hiyo "leo" imeletwa na kina tu. Siku yoyote kioo kingesema hivyohivyo. Usije ukailaumu arudhi, maana Muyaka bin Haji, yule malenga wa Mombasa wa zamani, aliwachoma washindani wake wa Lamu kwa mizani 16 kila mstari bila kubabaisha neno.

Mlevi_wa_Vitabu: Huru, bila kufikiria mara mbili. Kwenye arudhi, nikishasikia "nilivyo" sikio linaanza kusubiri "-vyo", kwa hiyo kichekesho kinapiga hodi kabla ya kuingia. Tena "sivyo nidhanivyo" ni maelezo. "Kina mtu ndani" ni tukio.

Dukuduku: Mnaliita huru, hiyo "dukani/ndani" ni nini?

Karani_wa_Tungo: 😂 Wallahi sikuona. Imejitokea.

Bi_Mizani: Damu nzito kuliko maji.

Mlevi_wa_Vitabu: Jamani tusirudie vita vya miaka ya sabini vya arudhi na huru. *Kichomi*, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, kilipotoka 1974 wapo waliosema hayo si mashairi kabisa, na bado tunakisoma.

Dukuduku: Mimi shida yangu ni mpangilio. Usitenge sehemu ya kucheka na sehemu ya kufikiri. Niliwahi kusoma diwani ya hivyo, nikafika nusu ya pili kama mtu aliyetolewa harusini akapelekwa matangani. Nilifunga kitabu. Changanya! La kioo liweke karibu na zito. Unalo lipi?

Karani_wa_Tungo: La baba anayenisahau. Ni la arudhi, kibwagizo chake: *Karibu mgeni keti, ati wewe ni wa nani?*

Mlevi_wa_Vitabu: Aisee.

Bi_Mizani: Hilo usiliguse. Kila ubeti ukiisha, mzee anauliza upya, kama vile hajauliza. Ndivyo wanavyouliza. Kwenye huru ungelazimika kutueleza kwamba anarudiarudia, hapa kibwagizo kinafanya kazi yenyewe.

Mlevi_wa_Vitabu: Hapo nanyoosha mikono. Kioo huru, baba arudhi.

Karani_wa_Tungo: Shikamoo Bi Mizani, na ahsante. "Leo" naifuta pamoja na shairi lake.

Dukuduku: Basi yaweke kurasa zinazotazamana. Kushoto "kina mtu ndani", kulia "ati wewe ni wa nani". Na katikati usiweke picha wala ua.