Ghorofa la apatimenti 32 ubavuni mwa nyumba ya mama, linaenda baraza la madiwani. Tunafanyaje?

KonaYaMwisho:
Wakuu habari za jioni, naomba mawazo kwa wanaojua haya mambo, nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Tunakaa Dar, mtaa sitaji, ila ni kwenye vile viwanja vilivyopimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa pesa za Benki ya Dunia, nyumba za chini, kila mtu na ukuta wake na mwembe wake. Mzee jirani yetu wa ubavuni alifariki, watoto wakauza, aliyenunua akachukua na kiwanja cha nyuma akaunganisha. Sasa kuna bango la kuomba kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, ghorofa nane, apatimenti 32 na fremu chini. Bango lenyewe limefungwa kwa waya kwenye nguzo nyuma ya mwarobaini, mimi nimeliona sababu nilikuwa nautafuta mpira wa mtoto.

Shida yetu sio wivu kama wengine wanavyosema. Masika kila mwaka chemba zinafumuka, maji ya chooni yanafika mpaka barazani kwa mama, na mnajua wenyewe kuna watu mvua ikinyesha usiku ndo wanatapisha vyoo. Maji ya bomba yanakuja saa nane usiku tena kwa kudondoka. Umeme ikifika saa moja jioni taa zinakuwa za rangi ya chungwa na friji inaguna. Hapo ni sisi tuliopo, bado hao wa nyumba 32.

Diwani kaja mkutano wa mtaa kasema suala limeshapita kamati ya mipango miji, linaenda baraza, na maendeleo hayazuiwi. Mwenye mradi hakuja, katuma kijana na michoro, jengo lina maua na vioo. Bi mkubwa mmoja akasimama akauliza bila kupepesa, "mavi yataenda wapi?" Kijana akajibu kuna septiki tenki ya kisasa. Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Je raia anaruhusiwa kuingia barazani? Na barua tunampelekea nani hasa?

mpangaji_sugu:
Mkuu nakuheshimu ila nyie wenye nyumba mna roho ya peke yenu. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, ya 2022 ikasoma 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka unataka wakalale wapi, Chalinze? Mimi naamka saa kumi usiku natoka Chanika nije kufanya kazi hapo hapo karibu na mwembe wa mama yako. Mji unapanda juu, hakuna namna. Mkikataa ghorofa mnatufukuza sisi tuzidi kwenda kujenga mabondeni alafu tukisombwa na mafuriko mnatuita wavamizi.

Na huyo anayenunua kanunua kwa pesa yake.

Mzee wa Ramani:
Mwanangu KonaYaMwisho, nimefanya kazi ya mipango miji miaka mingi sasa nalea wajukuu, ngoja nikuambie linavyokwenda maana wengi mnaamka mkeka umeshakunjwa.

Kwanza vikao vya baraza ni vya wazi, unaingia unakaa nyuma unasikiliza, lakini huongei. Na ukienda ukitegemea kuona mjadala wa ghorofa lenu utashangaa, kwa sababu baraza linapokea mihtasari ya kamati. Diwani kapewa kabrasha nene kama msahafu, la kwenu ni aya moja ukurasa wa katikati huko, Meya anasoma namba, "wanaoafiki?" ndiyooo, mmepita. Nimeona kiwanja cha shule kikipita hivyo watu wakiwa wanasubiri chai. Kazi yote inafanyika kwenye kamati, na kamati zinakaa ndani.

Kwahiyo mnachotaka sio kupiga kelele siku ya baraza. Mnataka diwani mmoja tu, hata wa viti maalum, asimame aseme kipengele hiki kirudi kamati. Hilo linawezekana na nimeliona. Barua mwandikie Mkurugenzi maana ndiye katibu wa baraza, nakala kwa Meya, diwani na mtendaji wa kata, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo, usikubali "iache tu hapo mezani".

Alafu msiandike hatutaki ghorofa. Atakuja mtu kama huyu mpangaji hapo juu awashinde asubuhi na mapema, na ana hoja. Andikeni maswali. Gari la zimamoto litageuzia wapi. Ukuta wa jengo unakaa mita ngapi kutoka mpaka wenu. Maji ya mvua ya paa lote lile yanaelekezwa mtaro upi. Na kanuni za tathmini ya mazingira zilirekebishwa 2018, miradi ikawekwa madaraja, A, B1, B2 na maalum, ulizeni wa kwenu uko daraja gani na nani alikuja kuwahoji majirani. Mngekuwa mmepakana na mto mngeshika zile mita 60 za sheria ya mazingira ya 2004, ila nyie mna mtaro tu, tena nadhani umejaa chupa.

Kubadili matumizi na kibali cha ujenzi ni vitu viwili. La kwanza likipita bado mna nafasi kwenye la pili, msikate tamaa mkadhani ndo basi.

wambui_kile:
Mimi niko Nairobi, hii story naijua. Kilimani ilikuwa bangaloo na miti, saa hii ni ghorofa juu ya ghorofa na kila ploti imechimba boreholi yake. Sisi huku katiba ya 2010 inasema umma lazima ushirikishwe, sasa wanachofanya wanaitisha mkutano, mnapewa soda, mnatia sahihi kitabu cha mahudhurio, mnaenda nyumbani. Baadaye tukaja kuona zile sahihi zimebandikwa kwenye ripoti kama watu waliokubali mradi! Mtu alienda kupinga akahesabiwa upande ule mwingine.

Hebu uliza, huo mkutano wenu mlitia sahihi?

KonaYaMwisho:
Dada umenishtua. Kuna karatasi ilizungushwa mlangoni, jina, namba ya simu, sahihi. Wote tulijaza, na mama alijaza.

Mzee wa Ramani:
Nenda ofisi ya mtaa kesho asubuhi kaombe muhtasari wa mkutano ule. Sio maelezo ya mdomo ya mwenyekiti, muhtasari wenyewe ulioandikwa. Soma walichoandika.

dereva_wa_bwawani:
Mimi naendesha gari la majitaka mwaka wa tisa huu, niwape hesabu yangu ya kienyeji. Apatimenti 32, weka watu wanne wanne, hao ni 128. Kila mmoja mwagia lita 80 tu kwa siku, kuoga kufua na chooni, ni zaidi ya lita elfu kumi. Gari langu linabeba elfu kumi. Yaani kama ardhi hainywi, na huko kwenye viwanja vya zamani maeneo ya chini masika hainywi kabisa ukichimba kidogo tu unakutana na maji, basi ni tripu moja kila siku ya Mungu, mbwembwe zote za septiki ya kisasa pembeni. Tenki ni la kutulizia tu, maji yenyewe lazima yapate pa kwenda.

Tripu moja kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti na foleni ya barabara ya Mandela najua mimi na Mungu wangu. Unafikiri wapangaji 32 watakubaliana kuchanga kila siku? Watachanga mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu mlinzi anafungua valvu usiku mvua ikianza, nimeyaona haya na nimeitwa asubuhi yake nikaoshe.

Waambieni waandike kwenye masharti, kama hakuna bomba kubwa la majitaka mtaani basi ajenge mtambo wa kusafisha humo humo ndani kabla mtu wa kwanza hajahamia. Akisema ni gharama mwambieni na sisi pua ni gharama.

mpangaji_sugu:
Hapo dereva umeongea. Mimi sipingi masharti, napinga kufungiwa mji. Hata mimi sitaki kulipa kodi ya miezi sita alafu niruke mavi kwenda kazini.

fundi_nondo:
La kuongezea tu. Kabla kijiko hakijaingia, pigeni picha kuta zenu zote, nje na ndani, weka gazeti la siku hiyo kwenye picha, mtendaji awepo. Wakianza kuchimba msingi karibu na ukuta wenu wa miaka ya 70 usio na nondo nyufa lazima, na watasema zilikuwepo toka enzi za Mwalimu. Na msione aibu kuuliza injinia ni nani, amesajiliwa, na udongo umepimwa. Ijumaa Kuu ya 2013 lilishuka la ghorofa 16 katikati ya mji, Kariakoo tarehe 16/11/2024 tumeona tena kwa macho.

KonaYaMwisho:
MREJESHO. Nimeenda ofisi ya mtaa, mara ya kwanza naambiwa mwenye funguo ya kabati ana msiba, mara ya pili nimekaa kwenye benchi mpaka saa nane wakanipa. Muhtasari kurasa mbili. Ukurasa wa pili umeandikwa hivi, "wananchi waliupokea mradi na kutoa ushauri mbalimbali". Hakuna swali la bi mkubwa, hakuna chemba, hakuna kicheko. Nyuma imebanwa kwa pini ile karatasi yetu ya mlangoni, sahihi 64.

Barua tumeandika kama Mzee wa Ramani alivyoelekeza na hesabu ya dereva tumeiweka kama ilivyo, tumeambatanisha majina 51 ya waliosema waziwazi walihudhuria na hawakukubali, nakala yangu imegongwa muhuri. Kuna diwani wa viti maalum kasema ataangalia. Kuangalia tu, hajasema zaidi.

Jioni nikampa mama ile nakala ya muhtasari. Kavaa miwani, kashuka na kidole mpaka namba 17, kaliangalia jina lake muda mrefu. Alafu akaniambia niende nikamuite fundi Jumamosi aje kupiga picha ukuta, na nisisahau kununua gazeti.

Baraza ni Alhamisi ijayo. Anayeweza kuja tukakae nyuma wote anitumie ujumbe.