Muvi ya kubuni kufundishia Holokosti (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi), inafaa kweli?

Wakuu, nina darasa la watoto wa miaka 13, huwa nawaonyesha The Boy in the Striped Pyjamas ya 2008 (mtoto wa kamanda wa kambi ya Wanazi anapata urafiki na dogo Myahudi aliyefungwa humo), mwaka jana walilia kweli ila kwenye mtihani nusu yao wakaandika eti Wajerumani hawakujua kitu. Niendelee nayo au niache?

— Achana nayo. Dogo Myahudi anakaa kwenye waya wa kambi anapiga stori kila siku, wakati Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, waya ulikuwa na umeme, na watoto wengi wa umri ule walipelekwa chemba za gesi mara tu waliposhuka kwenye treni. Makumbusho ya Auschwitz yenyewe 2020 walisema anayefundisha akiepuke kitabu ambacho muvi hiyo imetokana nacho.

— Mi sikubali sana, bila muvi Wayahudi milioni 6 waliouawa ni namba tu kwa mtoto. Onyesha dakika kumi, simamisha, waulize hapa kipi kisingewezekana.

— Halafu mwisho tunamlilia mtoto wa kamanda! Bora shajara ya Anne Frank, binti Myahudi aliyejificha na familia yake wasikamatwe na Wanazi, yule alikuwepo.

— Shajara poa, ila inaishia kabla hawajakamatwa Agosti 1944, yaliyofuata utaeleza mwenyewe mwalimu.